Dumu la Tano

Soazara aliyachukia madumu kuliko kazi zote za nyumbani kwao. Kila mwaka, msimu wa kukeneka mafuta ya karafuu ulipokaribia, madumu matano ya bati ya baba yake yalimwangukia yeye, na kila moja lilikuwa na masalia ya mafuta ya mwaka uliopita yaliyokaukia ndani, meusi, yananata kama utomvu. Baba yake, Tombozafy, alikuwa na utaratibu wake wa kuyaosha na hakutaka mtu auguse: maji ya moto na sabuni mara tatu, maji matupu mara mbili, kisha dumu lipinduliwe juani siku mbili, kifuniko kikiwa wazi. Na maji yachotwe mtoni. Kutoka mtoni hadi kwao ni mlima, na mlima wa Ambodirotra hauna huruma na mtu mwenye ndoo kichwani.

Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na tatu, na akili yake yote ilikuwa kwenye mpira wa kikapu. Jumamosi asubuhi timu ya wasichana ilikuwa na mechi. Madumu, ambayo alitakiwa kuyaanza tangu Alhamisi, yalikuwa bado yamejipanga nyuma ya jiko, hayajaguswa. Soazara akasimama mbele yake, mikono kiunoni, amefura. Akayalaumu madumu, akaulaumu mto, akamlaumu baba yake kwa kurithi mikarafuu badala ya duka. Nafsi yake hakuilaumu hata kidogo.

Hapo ndipo alipoikumbuka ile chupa. Siku ya Alhamisi ukoo ulikuwa umefungua msimu kama ilivyo desturi. Mzee wa ukoo aliwaita wazee waliotangulia, akawaomba moto uwake vizuri na mafuta yatoke, akamimina kikombe cha pombe kwenye mdomo wa bomba la mtambo wa kukenekea, na iliyobaki ikanywewa na waliokuwepo. Chupa moja kubwa ikasalia. Iliwekwa kwenye rafu ya upande wa mashariki jikoni, ikiwangoja jamaa wa juu ya mto waliotarajiwa Jumapili. Ilikuwa pombe ya miwa ya matone ya kwanza, isiyotiwa maji, ile ambayo ukiiwashia kiberiti inashika moto. Soazara aliwahi kumwona mjomba wake Marolahy akijipangusa mafuta ya karafuu yaliyokaukia mkononi kwa tone la pombe kama hiyo, na mkono ukatakata papo hapo.

Akaitwaa chupa. Akaimimina yote kwenye dumu la kwanza, akatikisa, akaihamishia la pili, la tatu, la nne, hadi la tano. Uchafu ulitoka vizuri ajabu. Lakini alipotaka kuimwaga, mkono ukasita. Katika ukoo wao ni mwiko: pombe iliyokwisha kuombewa haimwagwi chini, hunywewa na jamaa mpaka tone la mwisho. Kuinywa hakuweza, na kuirudisha chupani ikiwa nyeusi vile hakuweza pia. Wenzake wakampigia mluzi kutoka barabarani. Soazara akakifunga kifuniko cha dumu la tano, akajiambia kwamba pombe hukauka upesi, kila mtu anajua, akakimbilia uwanjani. Walishinda kwa vikapu vitatu, na habari ya dumu ikamtoka kichwani.

Jumapili jamaa wakafika na chupa ikatafutwa. Haipo. Watu wote wakageuka kumtazama Mjomba Marolahy, kaka wa mama yake Soazara, ambaye kila msimu alivuka mto kuja kulala kwenye banda la mtambo na kulinda mafuta. Marolahy alipenda kinywaji, hilo halikuwa siri. Wakaanza kumtania. Mmoja akamwuliza kama wazee aliwaachia walau harufu. Mwingine akasema mwaka huu waliotangulia watalala na kiu. Marolahy hakujitetea. Alimtazama Soazara kidogo, kisha akachukua kikombe chake cha maji ya ukoko, yaliyochemshwa kwenye sufuria ya wali, akanywa taratibu. Soazara naye akacheka pamoja na wengine, ingawa si kwa sauti.

Hapo mimi hupandwa na hasira kila ninapoisimulia habari hii. Siku ile neno moja tu lingetosha. Lingekuwa neno la chupa, si la wizi wala la kesi. Angegombezwa, angechota maji, yangekwisha.

Wiki sita zikapita, moto ukiwaka chini ya mtambo mchana kutwa, na mafuta yakidondoka pamoja na maji kwenye pipa la kupokelea. Mafuta ya karafuu ni mazito, hayaelei kama ya kupikia. Hukaa chini, maji yakawa juu yake, na maji yakizidi hutoka yenyewe kwenye kitundu cha pembeni. Kila jioni Tombozafy aliyafungulia mafuta kwa chini na kuyatia kwenye dumu. Miaka iliyopita alikuwa akitia pua ndani ya kila dumu kabla ya kulijaza. Mwaka huu alisema binti amekuwa mkubwa, hakuna haja ya kumnusia kazi yake. Akatumbukiza mrija wa kumiminia na kuendelea.

Jumatatu ya wiki ya saba, asubuhi mapema, Bwana Ralay wa chama cha wakulima akaja kupima mafuta. Majirani walikuwa wamejaa uani, kila mmoja na dumu lake. Bwana Ralay alikuwa na neli ndefu ya kioo yenye mistari. Alitia mafuta mpaka mstari wa hamsini, akaongeza maji, akaziba kwa kidole gumba, akatikisa sana, kisha akaisimamisha akangoja. Dumu la kwanza la Tombozafy, mafuta yakatulia chini, hamsini kamili. La pili hamsini. La tatu na la nne vilevile. La tano yakatulia arobaini na saba.

Akarudia. Arobaini na saba.

"Humu mna pombe," akasema kwa sauti ya kawaida. "Sehemu tatu zimehamia kwenye maji. Mafuta ya karafuu hayahami namna hii."

Utulivu wake ndio uliomchoma Soazara. Mtu anamwita baba yako mdanganyifu huku anafuta neli kwa kitambaa, kana kwamba anakuuliza saa. Bwana Ralay akaeleza kwamba yeye hahukumu, suala litakwenda kwenye mkutano wa chama Jumamosi. Lakini wote walizijua kanuni: anayechanganya mafuta huondolewa chamani, yeye na mtambo wake. Tombozafy akababaika. Akasema labda ni ile pombe ya wazee iliyomiminwa kwenye bomba siku ya kufungua msimu. Mtu mmoja nyuma akaguna kwamba sasa hata marehemu wanasingiziwa, na watu wakacheka.

Kicheko kile kikampandisha Soazara mori. Akajipenyeza mbele, machozi yakimlenga, akasema mbele ya watu wote:

"Baba yangu hachanganyi mafuta. Anayelala na mafuta ni Mjomba. Chupa ya wazee nani aliimaliza, si yeye? Kachota mafuta akauze, kajazia pombe tusijue."

Mtoto hamsemi mjomba wake hivyo, na Tombozafy alipaswa kumnyamazisha palepale. Lakini na yeye alikuwa na uchungu, na mwenye uchungu hushika chochote anachopewa. Akamgeukia shemeji yake.

"Marolahy, ni kweli?"

"Ukishaniuliza hivyo mbele za watu, Shemeji," Marolahy akajibu, "mimi sina cha kujibu."

Akakunja mkeka wake, akachukua sufuria yake ndogo, akashuka mtoni. Kabla ya mchana habari nayo ilikuwa imevuka mto: Marolahy mwizi. Mimi nawajua watu wetu. Habari njema huchukua wiki kufika ng'ambo, lakini mbaya huwahi mtumbwi wa kwanza.

Nyumba ikawa tanuri. Mama yake Soazara, ambaye ndugu yake ametukanwa uani kwake mwenyewe, alipika wali akauweka chini bila kumkaribisha mtu. Tombozafy alikuwa akipiga mateke magogo ya kuni. Soazara akawakasirikia wote wawili, akamkasirikia mjomba, na zaidi ya wote akamkasirikia Bwana Ralay na neli yake. Shuleni mambo yakawa mabaya zaidi. Jumanne msichana mmoja wa timu yake alimwuliza kama kwenye chupa yake ya maji kuna mafuta au pombe, na Soazara akamrushia daftari usoni. Usiku hakulala vizuri. Kila mara kitu fulani kilipotaka kumjia akilini, kitu kinachohusu Jumamosi ya mechi, alikizima kwa kukasirika upya.

Jumatano, kabla ya somo la kemia, alimfuata Madamu Haingo mezani. Madamu Haingo alikuwa mwalimu mfupi, mkali, mwenye mazoea ya kumsikiliza mtu huku amekunja uso.

"Madamu, nataka unisaidie kuthibitisha kwamba neli ya Bwana Ralay ni ya uongo."

"Unataka kujua kama ni ya uongo, au unataka iwe ya uongo?"

Soazara akavuta kiti cha mbele, akakaa. Mwalimu akasema vizuri, somo la leo lilikuwa juu ya chumvi, lakini chumvi itangoja.

Akachukua kopo, akalitoboa kitundu chembamba chini, akalijaza maji. Kisha akamwita mvulana mwenye nywele nyingi, akamsugua kichwani kwa rula ya plastiki, darasa likicheka. Rula akaisogeza karibu na uzi wa maji uliokuwa ukichuruzika. Mara ya kwanza na ya pili hakikutokea kitu kwa sababu ya unyevunyevu wa kwetu. Mara ya tatu uzi wa maji ukapinda, ukaifuata rula. Kicheko kikakatika. Akafanya hivyohivyo kwa mafuta ya kupikia. Mafuta yakashuka wima, hayana habari.

"Rula ina chaji," akasema. "Maji yamevutwa, mafuta hayakuvutwa. Kwa nini?"

Akachora molekuli ya maji ubaoni: oksijeni moja katikati, haidrojeni mbili ubavuni. Akawaambia kwamba atomu hizi zinashirikiana elektroni, kama ndugu wanaolala ndani ya shuka moja. Shuka ni la wote. Lakini oksijeni ina nguvu kuliko haidrojeni, na usiku kucha inavuta. Haidrojeni hainyang'anywi shuka lote, ila mgongo unabaki nje. Nusu ya darasa ikawatazama wenzao waliokaa nao dawati moja.

"Sasa elektroni zina chaji hasi. Zikisogea upande wa oksijeni, upande huo unakuwa hasi kidogo, na upande wa haidrojeni unabaki chanya kidogo. Nasema kidogo, sikusema kamili. Hakuna elektroni iliyohama moja kwa moja. Ndiyo maana tunaiita chaji ya sehemu." Akaweka alama ndogo iliyojikunja kama mkia wa panya, ya hasi juu ya oksijeni na ya chanya juu ya kila haidrojeni. "Ukiijumlisha molekuli nzima, chaji ni sifuri. Lakini ina ncha mbili. Na ncha hasi ya huyu humshika jirani yake kwenye ncha chanya, jirani naye humshika wa kwake. Maji yote yameshikana hivyo."

Soazara aliuliza kwa ukali mafuta yanaingia wapi katika habari hiyo. Madamu Haingo hakukasirika. Akachora mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni. Kaboni na haidrojeni, alieleza, zinavutana karibu sawa, hakuna anayempunja mwenzake shuka, kwa hiyo hakuna ncha za maana. Mafuta ya karafuu yana ncha ndogo mahali pamoja, lakini mwili wao mkubwa hauna. Maji yakishikana yanayasukuma nje, ndiyo maana hayachanganyiki.

"Na pombe?"

"Pombe ina mkia mfupi unaofanana na mafuta, na kichwa kinachofanana na maji, oksijeni na haidrojeni yake, pamoja na chaji zake za sehemu. Ukiitia kwenye mafuta matupu, inakaa humo kimya, hutaiona. Lete maji, utikise. Kichwa kile kinashikwa na maji kwa nguvu, na pombe inahama. Mafuta yanapungua kwa kiasi kilekile ilichokuwa imejaza."

Akawaonyesha. Alikuwa na chupa nyembamba ya dawa aliyoichora mistari kwa kalamu, mafuta safi ya karafuu kutoka kwake nyumbani, na pombe kidogo ya kusafishia vidonda. Mafuta safi hayakupungua. Yaliyotiwa pombe yalipungua mbele ya macho yao. Neli ya Bwana Ralay haikuwa ya uongo.

Soazara alishika ukingo wa meza. Hasira yake ilikuwa bado inatafuta mahali pa kutua. "Basi ni ile ya wazee," akasema. "Ilimiminwa kwenye bomba. Ikaingia kwenye pipa la kupokelea, ikaingia kwenye mafuta."

"Pipa la kupokelea lina nini juu ya mafuta?"

"Maji."

"Maji mengi, na yanatoka mchana kutwa kwenye kitundu. Kikombe kile cha wazee kilikwenda na maji siku ileile." Madamu Haingo akafuta mikono. "Pombe ya dumu la baba yako iliingia mahali ambapo hapakuwa na maji kabisa. Dumu kavu, lililofungwa vizuri, isipate hata pa kukaukia."

Dumu kavu, lililofungwa. Soazara akaiona mikono yake mwenyewe ikikizungusha kifuniko, akasikia mluzi wa wenzake barabarani. Hasira yote aliyokuwa akiigawa kwa watu tangu Jumatatu ikarudi kwake kwa mara moja, na haikuwa na pengine pa kwenda. Aliomba ruhusa akatoka nje.

Jioni alimkuta baba yake akipanga kuni bandani. Alimwambia yote akiwa amesimama, tangu madumu yasiyooshwa hadi kifuniko. Tombozafy alisikiliza bila kumkatiza. Gogo alilolishika hakulishusha mpaka binti alipomaliza.

"Na siku ya chupa wakati tunamcheka, ulikuwepo."

"Nilikuwepo, Baba."

"Ukacheka."

"Nilicheka."

Soazara alingoja kofi. Halikuja, na ingekuwa nafuu kama lingekuja. Baba yake alikaa juu ya kuni, akasema hasira yake anaigawa mafungu mawili, fungu moja la binti yake na moja lake mwenyewe, maana mtoto alikosa kwa utoto lakini yeye mtu mzima alimwuliza ndugu swali ambalo hakustahili kuulizwa. Kisha akamwambia kesho atavuka mto kabla ya shule, peke yake, na yeye baba atakwenda baadaye kwa miguu yake.

Asubuhi hiyo Marolahy alikuwa akimenya muhogo mlangoni pake. Hakumkaribisha. Soazara alipiga magoti kwenye vumbi na kurudia yote, na maneno yalikuwa magumu kuliko ya jana. Mjomba akaendelea kumenya.

"Nilikuona na chupa," akasema Soazara alipomaliza.

Soazara akainua uso. "Uliniona?"

"Nilikuwa natoka mtoni. Ulikuwa unakwenda nayo nyuma ya jiko."

"Mbona hukusema, Mjomba?"

"Niseme nini? Marolahy mnywaji anasema chupa kaichukua binti anayesoma. Nani angenisadiki?" Kisu kikasimama. "Nikasema nisimwaibishe mtoto, atasema mwenyewe kesho. Kesho ikapita. Jumatatu ulipojisogeza mbele za watu, nikafurahi, nikadhani sasa unasema. Kumbe unanichimbia kaburi."

Soazara akaomba radhi. Mjomba akamwambia radhi ameisikia, asiirudie kila dakika. Kisha akauliza kama mafuta ya dumu lile ndiyo basi tena. Soazara akamweleza kwamba yanaweza kuoshwa, kwamba maji yale yale yaliyoifichua pombe ndiyo yatakayoiondoa, na akajaribu kumweleza habari ya shuka. Marolahy aliguna.

"Jumamosi nitakuja," akasema. "Sio kwa ajili yako. Nataka niisikie kweli hiyo ikisemwa mbele za watu."

Jumamosi ghala la chama lilijaa. Bwana Ralay alipolisoma jina la Tombozafy, Soazara akasimama kabla ya baba yake. Alisema alichofanya kwa mpangilio, hakuacha mwiko, hakuacha kicheko cha Jumapili, hakuacha maneno aliyoyasema Jumatatu. Mzee wa ukoo alikunja uso aliposikia habari ya pombe ya wazee kutumika kuoshea madumu, akasema hilo watalizungumza kwenye ukoo, na kweli walilizungumza. Halafu Soazara akaomba pipa safi.

Wakamimina dumu la tano pipani, wakaongeza maji mara mbili yake, Marolahy na Tombozafy wakakoroga kwa kasia bila kutazamana. Wakaacha yatulie. Mafuta yakashuka chini, wakayafungulia kwa chini, wakamwaga maji, wakarudia mara mbili zaidi mpaka mafuta yakang'aa. Yalikuwa yamepungua. Bwana Ralay akajaza neli, akatikisa, akangoja, na watu waliokuwa nyuma wakasimama juu ya magunia waone. Hamsini. Akarudia, hamsini. Akaandika kwamba dumu limeoshwa na limekubaliwa, na kwamba msimu ujao madumu ya Tombozafy yatapimwa mara mbili kila moja. Hakuna aliyebisha.

Hapo mtu akaanza kupiga makofi. Akasema kwa sauti binti huyu kichwa chake si cha kawaida, mwacheni asome. Wengine wakamfuata, na Soazara, ambaye hakuwa amesifiwa wiki nzima, akaanza kutabasamu.

"Acheni makofi," Tombozafy akasema. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Huyu hajafanya la kupigiwa makofi. Amelipa alichoharibu, na bado hajamaliza." Akamgeukia binti yake mbele ya wote. "Sikiliza, Soazara. Kosa la madumu lilikuwa uvivu, na uvivu tungeuponya kwa fimbo moja. Lakini ulinyamaza mtu akichekwa kwa kosa lako, halafu ulipobanwa ukatumia hasira kama ushahidi. Hasira haithibitishi kitu. Mimi nami nilikufuata, na ninamwomba shemeji yangu radhi hapahapa. Siku nyingine ukijisikia umekasirika sana, anza kwa kujiuliza wewe ulifanya nini."

Marolahy aliinama kidogo kuonyesha amesikia. Soazara akasema ameelewa, akataka kukaa.

"Usikae. Jumatatu uani palikuwa na watu wengi kuliko hapa, na maneno yako yamefika mpaka kijiji cha ng'ambo. Ya leo hayajafika. Yale ya uongo watu walikubebea bure. Haya utayabeba mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mpaka aliyesikia la kwanza asikie na la pili."

Ng'ambo kuna nyumba thelathini na moja, na zimetawanyika. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Soazara akatoka ghalani akashuka kuelekea mtoni, na alipofika kwenye mtumbwi alimkuta Mjomba Marolahy ameshatangulia, amekaa nyuma, kasia mkononi. Mjomba akasema mbwa wa nyumba za mwanzo ni wakali, hawamjui mgeni. Kwenye kila mlango alisimama pembeni na fimbo yake, akawa anasikiliza, na Soazara akalisema jambo lile mara thelathini na moja.